Herieu Hana Alama

Mesore, siku ya 20

Mimi Segathi, binti wa kuhani Harpagathi, mke wa kuhani Satabu, mama wa Herieu, nimeanza kuandika leo. Naandika juu ya vigae vya mtungi wa divai uliopasuka jana. Mtungi mzuri, si wa kila nyumba. Wino ni masalio ya mzee Tesenufi, mwandishi wa vitabu vitakatifu, ambaye hamnyimi mtu kitu isipokuwa tabasamu. Herufi zangu ni hizi za kawaida, za barua na hesabu za mbuzi. Nilizipata kwa kuchungulia juu ya bega la kaka yangu alipokuwa akifundishwa, ndiyo maana zote zimelalia upande. Lakini zinasomeka. Mama Paku, jirani yangu, hajui kuandika hata jina lake, na maneno anayo.

Sababu ya kuandika ni moja. Mwaka huu mwanangu anapelekwa Memfisi kukaguliwa. Akishakuwa msomaji wa hekalu la Sobeki, Bwana wetu mwenye umbo la mamba, nataka awe na maneno ya mama yake kuhusu msimu uliomfungulia mlango. Watu wakishakuwa wakubwa husahau nani aliwaogesha.

Mesore, siku ya 23

Hapa kwetu kijana wa kuhani hatahiriwi mpaka Memfisi waseme ndiyo. Ni amri ya Warumi. Huko wanataka mambo matatu: awe wa ukoo wa kikuhani kwa baba na kwa mama, ajue kusoma herufi za miungu, na mwilini asiwe na alama. Kovu la kisu, baka la moto, shimo la jipu, lolote lile, ndiyo basi. Asiyetahiriwa haingii patakatifu. Asiyeingia patakatifu ni mtu wa nje, hata awe na akili za kujaza ghala.

Ukoo tunao. Upande wangu naweza kutaja mababu mpaka msikilizaji asinzie.

Kusoma ndiyo usiniambie. Makuhani wetu wamebaki wachache, na nyimbo wanazijua kwa kukariri vipande vipande. Kitabu chenyewe, kile cha kumwamsha Bwana alfajiri, kinasomwa na Tesenufi peke yake, naye jicho lake moja limeshaingia ukungu. Jana aliniambia, "Segathi, mtoto wako anasoma kama aliyezaliwa ndani ya kitabu. Nikifa hajaingia, Bwana ataamshwa na watu wanaobwabwaja." Mzee huyo hamsifu mtu. Nilirudi nyumbani nimesahau kikapu changu.

Na alama? Nimemwogesha kwa mikono yangu miwili miaka kumi na mitatu. Tunaishi kando ya ziwa, mbu wanatula kama mkate, na mwanangu hana hata doa la mbu.

Mesore, siku ya 27

Kwenye tanuri la mkate leo Mama Paku alianza.

"Mama Herieu, na wako anakwenda na msafara?"

"Anakwenda."

"Basi asihangaike kutafuta ngamia. Sifa zako zitambeba mpaka Memfisi."

Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka, ilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Na wako mfungie kitabu kichwani, shoga. Jua likiwaka huenda maneno yakayeyuka yakaingia."

Paku ni mtoto mwema, mnene, ana adabu. Anasoma mistari minne. Wa tano anakohoa.

Mesore, siku ya 30

Kitani cha Herieu kimefika kiunoni. Kuhani haguswi na sufu, ni kitani tu, nacho nakifuma mwenyewe. Uzi mwembamba hivi kwamba Satabu alikivuta mbele ya macho akaniona mimi upande wa pili. Msafara wa ngamia unaondoka mwaka mpya ukishaingia. Nitawahi.

Siku za nyongeza, ya kwanza

Siku tano zisizo za mwezi wowote. Kila mtu amejifunga uzi wenye mafundo shingoni kuzuia tauni ya mwaka. Sikugusa mtambo wa kufumia. Kitu kinachofumwa siku hizi kinaliwa na mkosi kabla ya nondo.

Siku za nyongeza, ya tatu

Satabu: "Utawahi kweli?"

Mimi: "Nitawahi."

Siku za nyongeza, ya tano

Nimekaa mikono mapajani kama mgeni.

Thoti, siku ya 1

Mwaka mpya. Maji ya ziwa yamepanda, lakini si ya kuimbia. Tesenufi alisoma kitabu chote, sauti ikikwama, na Herieu akiwa ua wa nje midomo yake ikimtangulia mzee kwa neno moja. Nilimwonyesha Mama Paku. Akasema jua linamchoma macho, haoni.

Thoti, siku ya 3

Tumegombana. Msafara unaondoka kesho na kitani kimefika mabegani tu, bado mikono.

"Mwache aende na changu," akasema Satabu.

"Chako kimechakaa makwapani."

"Wanakagua mtoto, hawakagui nguo."

"Baba Herieu, mwanangu hatasimama mbele ya mkuu wa makuhani wa nchi nzima akiwa kama jogoo aliyenyonyolewa. Msafara mwingine upo mwezi ujao, Paofi. Mwezi mmoja una nini?"

Satabu si mtu wa kubishana. Huwa anafikiri kwa muda, halafu anakubali, halafu anakwenda kunawa. Ndivyo alivyofanya.

Thoti, siku ya 4

Paku ameondoka na baba yake, amevaa kitani cha kuazima, kinaburura. Mama yake alilia. Nilimshika mkono, nikamwambia wakaguzi wa Memfisi nao ni binadamu.

Thoti, siku ya 9

Kimekwisha. Nimekianika juu ya dari, upande wa njia ya hekalu, ambako watu hupita.

Thoti, siku ya 12

Kwenye lango la ushuru kuna askari wawili waliotoka mashariki, wana homa. Wanapewa maji kwa mti mrefu.

Thoti, siku ya 13

Nimetengeneza mkate wa asali na tende. Herieu amekula vinne.

Thoti, siku ya 16

Askari mmoja amekufa, na mchukuzi wa ngamia aliyempa maji. Wanasema mwili unatoka malengelenge mpaka ndani ya koo. Bei ya magadi imepanda. Magadi ni ya kukaushia maiti, kwa hiyo ikipanda bei yake hakuna haja ya kuuliza habari nyingine.

Thoti, siku ya 19

Lango limefungwa. Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia. Nyumba tano mtaa wa wavuvi. Nimemfungia Herieu ndani. "Mama, nitasoma na nani?" Nikamwambia asome na mimi. Alinisomea kutwa nzima maneno ambayo sikuelewa hata moja, nikawa naitikia.

Thoti, siku ya 22

Ana joto. Ni jua.

Thoti, siku ya 23

Si jua.

Thoti, siku ya 28

Sijaandika. Leo amelala kidogo, na mkono wangu unataka kazi nyingine kuliko kukanda maji.

Yalianza mgongoni, akasema mgongo unauma kama amebeba ngamia badala ya ngamia kumbeba yeye. Bado alikuwa na mzaha. Siku ya pili mzaha ukaisha. Siku ya tatu nikaona vidoa usoni, vidogo, kama mtu amemnyunyizia divai. Nilivisugua. Kwa kitambaa chenye mafuta, taratibu, halafu kwa nguvu. Akasema, "Mama, vinauma." Nikasema vinatoka. Havikutoka. Vikavimba, vikajaa, vikashikana, mpaka kufika jana sikuiona sura ya mwanangu, niliona midomo na tundu mbili za pua. Macho yamefumba. Viganja, nyayo, ulimi. Kila nilipomshika nilikosa mahali pa kushika.

Anapayuka. Anachopayuka ni kitabu. Mistari ya alfajiri yote, kwa mpangilio, sauti imepasuka, anafika mwisho anaanza tena. Satabu alikaa mlangoni akisikiliza, akaniambia, "Hajakosea." Nilimchukia kwa kusema hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa namsikiliza kwa sababu hiyohiyo.

Siku zote hizi hakuna mtu aliyekanyaga kizingiti chetu. Wale wa tanuri, wale niliowapa hamira na chumvi, wakipita wanashika ukuta wa upande mwingine. Maji yalikuwa yananiishia. Asubuhi ya pili nikakuta mtungi umejaa, umefunikwa jani. Asubuhi ya tatu, tena. Jana nilifungua mlango mapema nikamkuta Mama Paku ameinama, anauweka.

"Utaugua," nikamwambia.

"Mimi nina mwili wa kiboko, shoga. Ugonjwa utachoka njiani."

"Wako yuko salama huko?"

"Sijui. Lango limefungwa." Akasimama, akafuta mikono. "Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi mpe maji, uache kuniuliza maswali."

Kama kuna aliyekuwa na haki ya kunisema juu ya kitani, ni yeye. Hakusema.

Thoti, siku ya 30

Tesenufi ameshikwa na homa.

Paofi, siku ya 2

Mzee Tesenufi amekufa leo mchana. Herieu hajui. Bwana ameamshwa asubuhi hii na mume wangu, kwa yale anayoyakumbuka.

Paofi, siku ya 6

Homa imeshuka. Amefungua jicho moja, akaomba vitunguu. Nilikwenda uani, nikajipaka udongo usoni kama tunavyofanya kwenye msiba, halafu nikaona ujinga wangu nikaunawa. Mwanangu mzima. Nani mwingine mtaa huu amempokonya tauni mtoto? Mimi. Nilimkanda, nikamlisha kwa kidole. Mikono hii.

Paofi, siku ya 11

Magamba yanadondoka. Chini yake ngozi ni nyekundu. Bado ni mbichi, itajaa.

Paofi, siku ya 14

Itajaa.

Paofi, siku ya 17

Imebaki mashimo. Paji la uso, mashavu, pua, mikono yote mpaka kwenye viwiko. Kama udongo wa uani mvua ya ghafla ikinyesha, ingawa huku mvua nimeiona mara mbili maishani.

Leo alitaka bakuli la maji ajione. Nikamletea lenye supu ya dengu.

"Mama."

"Kula."

"Mama, nimeshajishika kwa vidole."

Akala.

Paofi, siku ya 18

Lango limefunguliwa. Paku amerudi. Amepata ruhusa, ametahiriwa hukohuko, anatembea miguu wazi kama bata. Aliniamkia kwa adabu. Nikamuuliza walimpa kitabu gani asome.

"Mistari mitatu, shangazi."

"Mitatu tu?"

"Wa nne nilianza kukohoa, wakasema inatosha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama yake alinitazama, halafu akakaa kando yangu.

Paofi, siku ya 20

Wazee wa hekalu wamekutana. Tesenufi hayupo na hakuna anayesoma kitabu. Wanasema Herieu apelekwe hivyohivyo, wakati ni mbaya, Memfisi huenda wakalegeza. Nami nasema hivyo. Sheria iliwekwa na watu wakati watu wote wana ngozi.

Kwenye ukaguzi baba ndiye anayeulizwa kwa mdomo kama mtoto ana alama. Hapo ndipo kazi yangu ilipo.

"Neno moja tu, mume wangu," nikamwambia. "Hana."

"Segathi, wana macho."

"Waache watumie macho yao, wewe tumia mdomo wako. Mkubwa akitaka kukusaidia, anahitaji neno la kuandika. Usipompa neno atakusaidiaje?"

Akafikiri muda mrefu. "Kila alfajiri, kabla sijavunja lakiri ya mlango wa Bwana, nasema: sijaiba, sijaua, sijasema uongo. Nimesema hivyo miaka kumi na minane. Nikirudi nitasema nini?"

"Sema hivyohivyo."

"Bwana anasikia."

"Bwana ni mamba. Umewahi kuona masikio ya mamba?"

Hata mimi niliogopa. Halafu Satabu akakwenda kunawa, lakini hakuwa amekubali.

Paofi, siku ya 22

Nimemwomba asubuhi. Nimemwomba mchana.

Paofi, siku ya 23

Nimepiga magoti. Kesho msafara unaondoka, na mimi nakwenda, maana wanataka mama naye ataje ukoo wake. Nimesaga dengu laini, nikachanganya na mafuta na udongo mwekundu kidogo. Nikimpaka Herieu usoni na mikononi, ukisimama mbali kidogo, huoni. Mama Paku alisimama mbali kidogo. Akasema, "Huoni sana."

Hathori, siku ya 2

Memfisi. Mji mkubwa, nusu ya milango imefungwa. Hata hapa wanapita wakishika kuta.

Hathori, siku ya 3

Nataka niandike yote.

Tuliingizwa ua wa ndani. Mkuu mwenyewe alikuwa hayupo, alikuwepo msaidizi wake, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, na mwandishi wake. Herieu alikuwa amevaa kitani, na nilimpaka dawa yangu tangu alfajiri, tabaka mbili. Alisimama vizuri. Kitani kilimwanguka kama maji. Watu watatu waligeuka kukitazama, niliwaona.

Kwanza ukoo. Nikataja. Babu, babu wa babu, mama zao na mababa wa mama zao, wote makuhani wa Sobeki, sikusita, sikumeza mate. Msaidizi aliinua mkono kuniambia inatosha na mimi bado nilikuwa nao wengine.

Halafu kitabu. Wakampa chochote tu, si kile anachokijua. Herieu akakikunjua. Akasoma. Msaidizi alikuwa na kikombe mkononi. Herieu alipofika mstari wa sita, saba, yule bwana akakiweka chini polepole kama anayeogopa kukatiza. Mwanangu akasoma ukurasa mzima, akakuta mahali mwandishi wa zamani alikosea, akasimama, akasema, "Hapa pameruka neno," akalisema lile neno, akaendelea.

"Nani alikufundisha?"

"Mzee Tesenufi. Amekufa mwezi uliopita."

"Yuko mwingine kwenu anayesoma hivi?"

"Hapana, bwana."

Msaidizi alimtazama mwandishi wake. Hapo nilijua tumeshinda. Nawaambia, nilijua. Nilianza kufikiri nitakavyopita kwenye tanuri.

Halafu akasema, "Mpelekeni akaoge."

Wanaogesha. Kabla ya kuukagua mwili wanaosha, kwenye bwawa la hekalu, kama anavyooshwa kuhani yeyote kabla ya jambo lolote, kama anavyooshwa mume wangu mara nne kila siku ya maisha yake, mbele ya macho yangu, miaka yote. Binti wa kuhani, mke wa kuhani, sikulifikiria. Nilisimama nikaona rangi ya dengu ikienea juu ya maji safi.

Akatoka. Jua lilikuwa juu kabisa. Kila shimo lilionekana.

Msaidizi akamgeukia Satabu. "Baba, mwanao ana alama?"

Sikumtazama mume wangu, nilitazama miguu yake. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja.

"Hana," akasema.

"Mzee, geuka umtazame."

Akageuka, akamtazama Herieu kwa muda mrefu, kuanzia utosini mpaka chini, kama siku aliyozaliwa.

"Hana alama," akasema tena.

Msaidizi hakukasirika. Ningetaka akasirike. Alisugua macho yake akasema, "Huyu ni wa nne tangu tauni ianze mwenye uso huu. Nikimpitisha mmoja, Warumi watalifuta hekalu lenu lote kwenye hesabu zao, wanatafuta sababu tu." Akamwambia mwandishi, "Andika: ana alama. Neno la baba usiliandike."

Alifanya hivyo kwa huruma, ili Satabu asishtakiwe. Lakini basi neno lenyewe halikumsaidia mtoto, wala halikuandikwa. Lilitoka, likabaki kwa aliyelisema.

Hathori, siku ya 9

Njiani. Ngamia, mchanga. Satabu hasemi. Herieu alisema mara moja: "Kile kitabu chao kina makosa mengi."

Hathori, siku ya 14

Tumefika. Mama Paku alikuwa amewasha jiko langu na kupika dengu. Alitutazama wote watatu, akapakua.

Hathori, siku ya 15

Satabu hakwenda alfajiri.

Hathori, siku ya 16

Hakwenda. Nikamwambia, "Nenda, wanakungoja."

"Nikifika mlangoni kuna maneno matatu."

"Sema mawili."

Alinitazama bila hasira. Hiyo ndiyo mbaya. Miaka yote nilidhani mtu huyu hana msimamo, kwamba ananawa ili asigombane. Sasa naona alikuwa na kitu kimoja tu, amekishika kwa mikono miwili, na mimi ndiye niliyemwambia akitoe. Nilipiga magoti, tena kwa machozi. Na akakitoa.

Hathori, siku ya 21

Paku ndiye anayemwamsha Bwana. Wazee wamechoka au wamekufa, na yeye ni kijana, ametahiriwa, hana alama. Leo nilikwenda ua wa nje na Herieu. Sauti ya Paku ilisikika kutoka ndani. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akakohoa. Akaanza tena wa kwanza.

Herieu alikuwa akimtangulia kwa midomo. Alipofika wa tano akaendelea peke yake, bila sauti, wa sita, wa saba. Halafu akaacha. Akasema, "Twende, mama, nimesikia njaa."

Hathori, siku ya 24

Paku alikuja kwa mlango wa uani. "Kaka, nifundishe." Herieu akamfundisha chini ya kivuli cha ukuta, kwa subira ambayo mimi sina. Kutwa nzima. Jioni Paku alikuwa anajua mistari mitano.

Hathori, siku ya 25

Asubuhi alisoma mitatu.

Hathori, siku ya 29

Wazee wamekataza. Wanasema maneno yakipita kinywa cha mtu wa nje yanachafuka kabla ya kufika kwa Bwana. Hao ndio waliotutuma Memfisi. Mmoja wao nilimzalisha mkwewe. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, akajibu, "Mama Herieu, sisi tufanyeje?" Akaondoka. Na kweli, wafanyeje.

Koyaki, siku ya 5

Satabu hanyoi tena kichwa kama kuhani, nywele zinaota. Tangu nimeolewa sijawahi kuziona. Kumbe ni nyeupe.

Koyaki, siku ya 8

Familia tatu zimehamia ng'ambo ya ziwa. Mama Paku ananiuliza kama na sisi tutahama. Nikamwambia watu wa jina letu hawahami. Akasema, "Sawa, shoga." Zamani angepata cha kujibu.

Koyaki, siku ya 11

Maji yameshuka mapema, mwaka mbaya. Matuta ya mifereji ya ng'ambo yamebomoka na msimamizi anatafuta watu. Makuhani hawachukuliwi kazi ya udongo. Watu wa nje wanachukuliwa. Leo jina la Herieu limetajwa uwanjani.

Koyaki, siku ya 12

Nimemsindikiza mpaka penye mtumbwi. Msimamizi alikuwa mtu wa ng'ambo, simfahamu. Alimtazama Herieu usoni bila kushtuka. Uso wake nao ulikuwa na mashimo vilevile.

"Huyu anajua kazi gani?"

Nikafungua kinywa. Yote yalikuwepo ulimini, ukoo, kitabu, yule msaidizi wa Memfisi alivyoweka kikombe chini. Herieu alikuwa ananitazama. Hakunikataza, alinitazama tu, kama mtu anayengoja kelele ipite. Na wale vijana ndani ya mtumbwi, wamekaa wamekumbatia magoti, wanataka tu kuondoka jua halijapanda.

"Anajua kubeba," nikasema. "Mpe kikapu kikubwa. Kijiji hiki hakuna anayebeba udongo kama mwanangu."

Akampa kikubwa.